Fundi Hajipimi Mguu

Siku Shangazi alipotangaza kwamba anaandika wosia, ukoo wetu uliingiwa na upendo wa ghafla. Baba mdogo, ambaye kwa kawaida humkumbuka dada yake pale tu kiatu chake kinapoachama mdomo, alikuja asubuhi kumjulia hali, akarudi jioni kuuliza kama hali ya asubuhi bado ni ile ile. Mke wake alileta mashuka mapya. Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori, ambaye akikupigia simu hukata kabla hujamaliza kuitikia salamu, sasa alipiga kila siku kuuliza Shangazi amekula nini na kama kimeshuka vizuri. Shangazi alipokea mashuka, akala alivyoletewa, kisha akanigeukia na kuniambia, "Pilipili, kumbe habari ya kufa ina neema zake. Ningejua ningeitangaza mapema."

Hakuwa anakufa. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana mtaani watu walishaanza kumwangalia kwa huruma. Alikuwa ametoka kwenye mazishi ya rafiki yake, mshona mapazia, na alirudi akiwa na hasira kuliko huzuni. Ndugu wa marehemu walianza kugawana vyombo kabla vikombe vya chai havijakauka. Kochi lilitolewa nje huku waombolezaji wamelikalia.

"Walibebwa nalo mpaka mlangoni," Shangazi alisema. "Wakashukia barazani kama abiria. Mimi sitaki mtu abebwe na kochi langu."

Kesho yake akamwita wakili.

Shangazi ni fundi viatu, lakini si wa kubandika soli na kusema haya njoo kesho. Anashona viatu vya watu ambao miguu yao haikukubaliana: mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja uliopinda kwa ndani, mmoja ulionyooka. Yeye mwenyewe mguu wake wa kushoto ulibaki nyuma tangu utotoni. Alipelekwa kwa mzee mmoja fundi akashonewe kiatu cha soli nene, na baada ya kukivaa hakutaka kuondoka kwenye ile karakana. Mzee akamfundisha kazi. Nyumba tunayoishi ameijenga kwa viatu: chumba cha mbele ni karakana, nyuma yake vyumba vya kulala, na uani kuna bomba na kamba ya kuanikia nguo. Mimi ni binti wa kaka yake. Nilikuja nilipomaliza shule, nikakalia kigoda cha pili karibu na dirisha, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Jina la Pilipili alinipa yeye, na wateja wakaliona linanifaa.

Meza ya kazi pale karakana ina desturi yake. Mzee hakumwita Shangazi fundi mpaka siku alipovaa kiatu alichoshona Shangazi na kutoka nacho barabarani. Kabla ya siku hiyo, hata ukishona viatu vya mji mzima, wewe ni mwanafunzi tu. Na lazima iwe hivyo, kwa sababu fundi hawezi kujishonea. Ukiinama kuchora mguu wako kwenye karatasi, uzito unakimbilia vidoleni, mguu unatanuka na kukudanganya. Anayepimwa anatakiwa asimame wima, mwingine apige magoti amchore. Jirani yetu ni kinyozi, na Shangazi hupenda kumtania kupitia ukutani: "Kinyozi hajinyoi, na fundi hajipimi mguu. Sisi wote ni ombaomba."

Sasa basi. Mimi nimeshona viatu vya watoto, vya walimu, vya bibi arusi aliyetaka kucheza usiku kucha bila kuyumba, akacheza. Lakini Shangazi hajawahi kuniomba nimpime. Bado alikuwa anavaa kiatu cheusi alichoshonewa na mzee, ambaye amefariki zamani. Kile kiatu kilikuwa kimebadilishwa soli, kisigino, bitana na kamba, mpaka kilichobaki cha mzee sijui kilikuwa nini, labda ukaidi. Watoto tuliwashonea viatu vya rangi zote, kijani, njano, bluu yenye nyota. Yeye ni kile kile cheusi. Nikimwambia kimechoka, anajibu, "Bado kinanifaa." Nikimwambia nimpime, anajibu, "Bado." Ile "bado" imenikereketa moyoni kwa miaka.

Nitasema wazi nilichokuwa nakitaka, nisije nikajifanya malaika. Nilitaka karakana. Nilitaka kigoda cha kwanza, dirisha, cherehani ya ngozi, ile miguu ya mti inayoning'inia ukutani ambayo juu yake kiatu huundwa. Sina kazi nyingine ninayoijua na sina mlango mwingine wa kufungua asubuhi. Kwa hiyo ndugu zangu walipoanza kuleta mashuka, mimi sikuleta kitu, ila nilikaa pale nikishona kwa kujionyesha kidogo, ili anayeandika wosia aone ni nani anayefanya kazi.

Halafu akaja muuguzi.

Huyu ni muuguzi wa kliniki ya miguu ya watoto, pale hospitali juu ya barabara. Ni mama mnene, mcheshi, anayevaa viatu vyetu na kuvisifu kila mahali. Watoto wa kliniki tunawashonea sisi. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda hufungwa plasta ngumu, wiki ijayo inafunguliwa, mguu unanyooshwa kidogo, anafungwa nyingine, mpaka unakaa sawa, ndipo anakuja kwetu kwa kiatu cha kuushikilia. Siku hiyo muuguzi hakuja na mtoto. Alipita na Shangazi vyumba vya nyuma, nami nikiwa nagonga misumari ya kisigino nikamsikia akisema, "Hapa vitanda viwili vinakaa vizuri, na kile kidogo cha mtoto hapa chini ya dirisha." Nikajigonga kidole gumba.

Alipoondoka nikauliza, kidole kikiwa mdomoni, "Nyumba unawapa kliniki?"

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia vitanda."

"Basi umesikia vitanda. Magodoro hujayasikia bado."

"Shangazi, sitanii."

Akaweka kisu chini. "Haya. Ndiyo. Nikiondoka, nyumba ni ya kliniki. Akina mama wanaotoka mbali walale hapa na watoto wao wakati wa plasta. Yote, mbele na nyuma."

"Na mbele?"

"Nimesema yote."

"Na mimi?"

"Wewe una mikono."

"Mikono haina mlango, Shangazi! Mikono haina dirisha! Nitakaa wapi na hiyo mikono, barazani kwa kinyozi?"

Ukutani tukasikia mashine ya kunyolea ikizimwa. Kinyozi anapenda habari kamili.

Shangazi hakupandisha sauti. Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akashusha viatu vidogo vya kijani vyenye kifungo cha ua. Nilivijua. Nilivishona mimi, kwa binti mdogo aliyekuwa anakuja na mama yake kutoka mbali sana. Wakati wa plasta walikuwa wakilala kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, mama ameketi, mtoto mapajani na mguu wake mzito. Siku moja hawakuja. Waliporudi, baada ya muda mrefu, mguu ulikuwa umerudi kupinda kama vile hakuna aliyeugusa. Yule mama alisema benchi lilimshinda. Viatu havikuingia.

"Vilikuwa vizuri kuliko vyangu," Shangazi alisema. Hakuwahi kuniambia hivyo. "Na siku ile ulitukana kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Ulikuwa unamtukana nani?"

"Sijui. Kila mtu."

"Basi mimi nikaona, badala ya kumtukana kila mtu, nitoe nyumba."

Nikanuna. Nilinuna kwelikweli, kazi ambayo ninaifanya kwa ufundi kuliko viatu. Nilijua ana haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu akikukosea unamkasirikia na unapata usingizi. Lakini mtu akiwa na haki, na haki yake ndiyo inayokutoa kwenye kigoda chako, utamfanya nini? Nilishona kimya, nikamwekea chai kimya, na moyoni nikajifariji kwamba labda, kwenye hiyo karatasi, kuna mstari mmoja wenye jina langu. Chumba kimoja tu. Akina mama walale nyuma, mimi nibaki mbele. Kwani hatutoshi?

Siku ya kutia sahihi ukoo ulifika kabla ya wakili, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye harusi wala msiba. Baba mdogo alivaa koti. Mtaani anaitwa Bwana Mipango kwa sababu kila akiona ukuta anataka kuongezea ghorofa juu yake, na alikuwa tayari amesimama uani akiitazama nyumba kwa jicho la kwenda juu. Mke wake alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Kaka yangu aliegesha lori nje likaziba jua lote la dirishani.

"Kabla hatujaanza," Baba mdogo alisema, "niombe kitu kimoja. Mambo haya ni ya ndani. Watu baki wasiingie."

"Nimemwita kinyozi," Shangazi alisema. "Shahidi."

"Kinyozi! Si itajulikana mji mzima?"

"Itajulikana kwa walionyolewa tu," kinyozi alijibu kutoka mlangoni, akiwa na nywele za mtu begani. Nje ya dirisha, kati ya ukuta na lori, alikuwa amesimama mwenye hizo nywele, shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine unangoja.

Wakili alifika akihema. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye nyayo bapa, na alikuwa mteja wetu kabla sisi hatujawa wateja wake. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaziweka mezani kati ya gundi na nyundo, akaeleza utaratibu polepole. Mwenye wosia atatia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mashahidi nao watatia zao. Si lazima wajue kilichoandikwa.

"Isipokuwa jambo moja," alisema. "Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu humu. Akiwa ameachiwa, wosia utasimama, ila chake yeye kitaanguka. Hapati."

Baba mdogo akakohoa. "Hapati kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kikiwa kijiko?"

"Hata kijiko, mzee wangu."

Shangazi akatia sahihi yake, taratibu, kama anavyokata ngozi. Kinyozi akafuata, akapiga sahihi yenye mikia mirefu mpaka ikagusa ukingo wa karatasi. Kisha Shangazi akashika kalamu, akatutazama.

"Wa pili awe wa damu yangu," alisema. "Sitaki kesho nikiwa nimelala, mtu aje aseme wakili na kinyozi walinilewesha."

"Mimi nikuleweshe na nini," kinyozi akalalamika, "mafuta ya nywele?"

Hakuna aliyecheka. Kalamu ilikuwa hewani. Tukasikia lori la kaka likipoa nje, tik, tik, tik.

Baba mdogo akaanza kujipapasa mifukoni. Alisema, masikini, miwani ameisahau nyumbani, na bila miwani hawezi kutia sahihi kitu asichokiona. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso wake. Kalamu ikageukia kwa mke wake. Mke wake akasema sahihi yake haijatulia. Benki wameshamrudisha mara nyingi, asije akamharibia wifi yake karatasi. Ikageukia kwa kaka yangu. Kaka akaonyesha mkono wa kulia, akasema uliteguka wakati wa kubadilisha tairi. Kwa mkono huo huo alikuwa ameshika chupa ya soda.

"Mimi naweza kusaini!" yule wa nusu kichwa akaita kutoka dirishani. "Nina haraka kidogo!"

"Wewe si damu," kinyozi akamjibu. "Tulia hapo hapo."

Sikuwa nimeitwa bado, kwa kuwa nilikuwa nyuma kabisa, kwenye kigoda changu. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa amesimama muda wote, na akisimama sana ule mguu mfupi huanza kumchoma, sasa anaupumzisha kwa kuegemea meza.  Amekaa na watu hawa maisha yake yote. Amewashonea viatu vya shule, vya harusi na vya kwenda kuomba kazi. Leo anaomba majina yao tu, wanaficha mikono kama watoto waliovunja sahani.  Nikaona aibu, na mimi aibu ikinishika hugeuka hasira, na hasira yangu, ambayo imenikosesha wateja wengi, siku hiyo ilinifaa.

"Nipe hapa!" nikasema. Nikayapita magoti yao yote, nikamnyang'anya kalamu.

"Binti," wakili akasema, "umeelewa nilichosema? Kama jina lako limo humu, ulichoachiwa—"

"Nimeelewa. Mimi si kiziwi."

Nilimwangalia Shangazi, nikitumaini, sitaki kudanganya, kwamba atasema wewe hapana, wewe kaa, chako kimo. Ilikuwa njia ya kujua. Hakusema. Alikuwa anatazama vidole vyangu tu, vile vyenye alama za uzi. Nikaona chumba cha mbele kikiniondokea, dirisha, miguu ya mti, kigoda. Nilimpenda Shangazi kuliko karakana. Ila nilivitaka vyote viwili, na kuchagua kuliniuma mpaka kifuani. Nikaandika jina langu kamili, lile ambalo hata mimi nikilisikia nafikiri anaitwa mgeni. Nikairudisha kalamu mezani kwa kishindo.

"Haya," nikasema. "Mwacheni akae."

Kaka yangu ndiye aliyemvutia kiti. Nitampa hiyo heshima yake.

Shangazi alipokaa akasema hakuna haja ya kungoja afe ndipo watu wagombane, afadhali wagombane akiwepo awasikie. Akawaambia: nyumba nzima ni ya kliniki ya miguu, kwa ajili ya akina mama na watoto. Na ndugu nao hakuwasahau. Mdogo wake amemwachia kabati la mama yao, maana ndilo alilolitazama tangu aingie. Kaka yangu amemwachia redio, ili awe anasikiliza kitu kingine zaidi ya sauti yake. "Na wewe, wifi," akamalizia, "nimekuachia mashuka."

Mke wa Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga, kisha, nashukuru, akacheka. Alicheka mpaka mkoba ukaanguka.

Baba mdogo hakucheka. "Nyumba ya ukoo, dada! Kuwapa watu tusiowajua!"

"Nyumba ya viatu," Shangazi alisema. "Niliijenga kwa miguu ya watu tusiowajua."

Baba mdogo akasimama na koti lake, akaenda mlangoni, nikajua sasa tutasikia maneno. Lakini alisimama pale kizingitini akiwa ametupa kisogo. Alikuwa anatazama ile rafu ya viatu vidogo.

"Unakumbuka," alisema bila kugeuka, "shuleni nilivyokuwa nikipigana nao? Wale waliokuwa wakikuiga unavyotembea?"

"Ulikuwa ukipigwa," Shangazi alisema.

"Nilikuwa nikipigana."

"Ulikuwa ukipigwa, mdogo wangu. Lakini kesho yake ulikuwa unawarudia tena. Sijasahau."

Aligeuka. Kisha akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, bila hata kuona haya, akatazama kuelekea vyumba vya nyuma. "Vitanda viwili kila chumba? Watakosa hewa na hao watoto. Lazima ukuta wa uani utobolewe dirisha. Nitakuja kupima." Akatoka, na tukamsikia nje akimuuliza yule wa nusu kichwa kama anamjua fundi mzuri wa madirisha.

Wakaondoka wote. Wakili na mkoba wake, kinyozi na deni lake la nusu kichwa, kaka na lori, na jua likarudi dirishani. Nikabaki nikikusanya vikombe, nikivigonganisha zaidi ya ilivyohitajika.

"Umekasirika?" Shangazi akauliza.

"Sijakasirika."

"Vikombe vinasema umekasirika."

Nikaviweka. "Ningependa kujua tu. Jina langu lilikuwemo?"

"Halikuwemo."

Nilidhani nimejiandaa, kumbe bado. Nikageukia ukuta, nikajifanya napanga uzi.

"Pilipili. Nitazame." Nikamtazama. "Wosia ni wa watu ambao sitakuwepo kuwapa kwa mkono wangu. Wewe unakaa mbele yangu kila siku. Nikuachie kwenye karatasi kwa nini, kwani nimekukimbia? Cha kwako hakikuwa na sababu ya kungoja nife." Akapiga meza kwa kiganja. "Hii meza, ile cherehani, visu, miguu yote ile ya ukutani, kuanzia leo si mali yangu. Kinyozi yuko hapo ukutani anasikia. Kinyozi!"

"Nasikia!" ukuta ukajibu.

"Lakini nyumba ni ya kliniki," nikasema, sauti imeshaanza kunisaliti.

"Ndiyo. Nikifa, watakuwa na nyumba isiyo na fundi, na wewe utakuwa fundi usiye na nyumba. Mkishindwa kuelewana hapo, basi wote hamna akili."

Nilicheka huku nalia, sura mbaya sana, nashukuru wateja hawakuwepo. Nilitaka kumwambia asante na maneno hayakupanga foleni. Yeye wakati huo alikuwa ameshainuka. Alihama kutoka kiti chake, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha wateja, pale alipokuwa wifi yake. Sijawahi kumwona amekikalia. Akainama, akafungua kamba za kile kiatu cheusi, akakivua, akakiweka kando kwa adabu.

"Haya," alisema. "Nipime."

Nilipiga magoti. Nikatandaza karatasi sakafuni, nikalainisha pembe zake kwa mikono, nikatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwangu. Mguu wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mweupe kidogo unyayoni, na baridi.

"Simama sawasawa, Shangazi."

"Nimewahi kusimama sawasawa lini mimi?"

Alisimama, mkono begani kwangu, akauachia uzito wake wote, nami nikauhisi mpaka kwenye mgongo. Nikaanza kuchora kutoka kisigino, penseli wima kama alivyonifundisha, nikazunguka kifundo, nikafika kwenye kidole kidogo. Tone likadondoka kwenye karatasi, na jingine.

"Usinilowanishie karatasi," alisema kutoka juu. "Kipimo kitavimba."

Nikajifuta kwa mkono wa gauni, nikamaliza kuchora. Nikapima urefu wa soli kwa vibao, nikiongeza kimoja kimoja chini ya mguu mpaka nyonga zake zikalingana. Nilipoinua macho alikuwa amesimama wima, mabega mawili katika mstari mmoja, anatazama nje ya dirisha.

"Ngozi ipi?" nikauliza. "Ile nyeusi laini ipo, nimeiweka."

"Nyekundu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nyekundu," akarudia. "Nyeusi inaficha soli. Nimeficha tangu utotoni, sasa nimechoka kuficha. Nataka nikipita barabarani waone jinsi ilivyo ndefu, na waulize ni fundi gani." Akanibana bega. "Na ushone imara. Wosia nimeandika, lakini siku sijapanga."

Nikainuka kwenda rafuni kutafuta ngozi nyekundu.